Kwenda Arua wiki mbili na nyumba Kira inabaki tupu

Dada pole na wasiwasi, umeuliza ufanye nini na nyumba ya Kira, hapo karibu na Kampala, mkienda wote Arua kule kaskazini magharibi mwa Uganda Krismasi wiki mbili, na mimi nakwambia anza na jirani kabla hata ya kufikiria kamera. Kwangu wezi waliingia Desemba, walitoa vioo vya dirisha la jiko kimoja kimoja wakavipanga chini vizuri kabisa wakabeba mtungi wa gesi na tivi, na jirani alisikia mbwa wanabweka akadhani sisi tuko ndani kwa sababu sikumwambia tunasafiri!! Iliniuma sana.

Kwa hiyo mwambie jirani unayemwamini, mwachie namba yako, umjulishe na mwenyekiti wa LC1, yule kiongozi wa kijiji au mtaa. Taa ya nje usiiache inawaka mchana na usiku, hiyo ndiyo inawaambia hakuna mtu, omba jirani awe anawasha saa moja jioni anazima asubuhi, na uangalie yunit za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, zisiishe katikati. Afagie na majani getini maana yakijaa pale siku tano hata mpita njia anajua. Kufuli kubwa la nje kwenye mlango hapana, weka kitasa cha ndani. Mtungi ingiza chumbani, funga gesi.

Na tafadhali dada, picha za basi usiweke status mpaka mrudi, waambie na watoto. Ufunguo hata mmoja usimpe shamba boy wa juzi juzi.