Shangazi, hela ya mahari yote nimefungulia maboksi ya gemu

*Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 26, naendesha bajaji hapa Dodoma, ruti yangu Majengo kwenda Nkuhungu. Nina mchumba yuko Kikuyu anauza vitenge, tulikubaliana tuweke hela ya mahari pamoja na inakaa kwenye simu yangu. Shida ni gemu la mpira la kwenye simu. Nilianza kununua koini za elfu tatu tatu nikiwa nasubiri abiria, unapewa koini 130, kuzungusha mara moja ni 100 anatoka mchezaji mmoja wa bahati nasibu, boksi lina wachezaji 150 na epiki (wale wakali adimu) ni 3 tu. Saivi ni mwezi wa nne, nimepiga hesabu kwenye meseji za miamala imeenda laki sita na arobaini. Mchumba aliulizia hela nikamwambia nimemkopesha rafiki yangu wa Kibaigwa ananunua mahindi. Hesabu ya boss nayo nimepeleka pungufu mara mbili. Ila sio kamari Shangazi, mi mkeka sibeti kabisa, hapa hakuna hela ya kushinda ni wachezaji tu. Kwenye grupu letu kila wiki tunalalamika kampuni inatunyonya, tunasema safari hii tunagoma, Alhamisi boksi jipya likitoka wote tunanunua. Naomba ushauri, niuze akaunti (kuna mtu anasema atanipa laki nne) au nimalizie hili boksi? Maana nimeshazungusha mara 60 na epiki ninayemtaka bado yumo. Dereva wa Nkuhungu.*

Marahaba mwanangu. Mbukwenyi na wengine mnaosoma.

Nianze na hicho cha mwisho kwasababu naona ndo kinachokuwasha, mengine umeyaandika kama utangulizi tu. Unataka Shangazi akuruhusu umalizie boksi.

Haya tukae chini tuhesabu. Jana baada ya kusoma barua yako nilichukua ungo nikahesabu choroko 147 nikachanganya na maharage matatu mekundu, nikatia kwenye mfuko wa rambo, nikamwita mtoto wa jirani nikamwambia chota moja moja bila kuangalia, ukitoa haragwe nakupa mia tano. Akachota kumi, choroko tupu. Unajua aliniambia nini? "Ilibaki kidogo bibi, nililigusa kabisa." Akaomba aongeze kumi zingine. Ana miaka tisa huyo na simu hana. Na hakuwa na mkosi wowote, ndo mfuko ulivyo, wakija watu kumi kila mmoja akachota kumi zake kutoka mfuko mzima, kama wanane hivi wataondoka hawana hata haragwe moja. Hapo ni haragwe lolote, kama unataka lile moja uliloliota usiku basi kwa kuchota kumi nafasi yako ni moja kati ya kumi na tano.

Sasa nikutendee haki, kwa boksi lako hoja unayo kidogo, kwasababu kinachotoka hakirudi ndani, umeshatoa 60 wamebaki 90 na huyo mtu wako yumo kweli. Kwa hiyo ukikomaa utampata tu. Kwa bei gani? Kuzungusha mara 90 ni koini 9,000, ukinunua hizo za elfu tatu tatu ni kama mara 70, yaani laki mbili na kumi. Ukiwa na bahati ya kawaida atatoka katikati hapo, laki na kidogo. Laki na kidogo, mwanangu, juu ya ulizokwisha tupa, afu Alhamisi wanaleta mwingine ana nguvu kuliko huyo na wako anaanza kukaa benchi. Hapana, usimalizie.

Na hiyo 130 kwa 100 uliiona ukaipita. Kwanini wasikuuzie 100 kamili? Kwasababu ukizungusha zinabaki 30, na 30 hazinunui kitu, zinakaa pale zinakuangalia kama chenji uliyoiacha dukani mpaka urudi. Mangi wa duka akikufanyia hivyo kwenye sukari utamtukana mtaa mzima usikie.

Kuhusu kamari sio kamari. Unajua wenye sheria zao wenyewe wamegongana hapa? Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema maboksi ya kulipia ni kamari kabisa, kampuni ya magemu ya EA ikaja kuacha kuuza kule mwanzoni mwa 2019 pointi za FIFA, zile za kununulia pakiti za wachezaji kwenye gemu lake la mpira. Uholanzi kampuni hiyohiyo ikapigwa faini ya euro milioni 10, afu Machi 2022 mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikafuta faini, ikasema pakiti ni sehemu ya gemu sio kamari inayosimama peke yake. Kwa hiyo ukibishana na mimi utapata watu wa kukutetea, tena wamevaa majoho. Ila majaji hawaoi Kikuyu.

Mi naona kwa mfuko wako ni mbaya kuliko mkeka, na mkeka siupendi. Mwenye mkeka ukitiki analipwa, mara moja moja anatoka na kitu anamnunulia mkewe kanga. Wewe hata siku unayoshinda hela imeenda ileile, umepewa picha ya mchezaji ndani ya akaunti ambayo wala sio mali yako. Mwenye mkeka anajua kaliwa na anajificha. Wewe unapiga skrinshoti unaposti kwenye grupu unapongezwa.

Nina mtoto wa dada yangu anasoma UDOM, bumu likiingia tu na yeye hivyohivyo. Siku moja alikuja kwangu nikakaa nae pembeni nikamwangalia. Simu ina asilimia nne, chaji imevutwa mpaka kitandani, anabonyeza, mpira unazunguka, taa zinawaka, mtoto kaacha kupumua kabisa, taa zikabadilika rangi akashtuka, afu akatoka mchezaji mmoja sijui wa wapi huko, hata jina hakulisoma, kidole kikabonyeza tena. Nikamuuliza huyo uliyempata ni nani, akasema "ah, takataka". Lakini kalipia! Hapo ndo nikaelewa kwamba hanunui wachezaji, ananunua zile sekunde za taa, mchezaji ni risiti tu. Na wewe mwanangu nadhani ni hivyohivyo, uko pale kijiweni jua la Dodoma linakuchoma, abiria hakuna, sekunde tano za moyo kupiga kwa elfu tatu unaona ni bei nafuu.

Sikwambii ufute gemu. Wakubwa wenzangu watanishangaa, ila mpira wenyewe hauna kosa na kijana anahitaji kupumzika. Futa kadi ya malipo, ile ya kwenye simu uliyounganisha, na kama kuna jamaa anakuuzia koini kwa WhatsApp mbloku leo. Afu cheza mwezi mzima na wachezaji wa bure ulionao. Wapo wanaocheza hivyo na wanajisifia kabisa kwamba hawajawahi kulipa hata senti, kuwafunga wenye timu za mamilioni ndo raha yao. Ukiona bila boksi gemu halina ladha, unalifungua na kulifunga, basi ujue mpira ulishauacha kitambo na hapo ndo unalifuta.

Akaunti usiuze. Makampuni mengi hayo yanakataza kuuza akaunti, ikijulikana inafungwa. Na huyo wa laki nne simjui ila staili naijua, atakuomba kwanza email na nywila "ahakiki", afu utatafuta namba yake haipo hewani. Halafu tuseme ni mwaminifu, laki nne ikiingia kwenye simu ileile yenye kadi ileile siku ya Jumatano, Alhamisi itakukutaje?

Hilo grupu lenu linanichekesha kwakweli. Kulalamika kunafanya kazi pale hela inapobaki mfukoni. Novemba 2017 EA walitoa gemu la vita la Star Wars Battlefront II, limejaa maboksi yenye vitu vya kukupa nguvu uwanjani, wachezaji wakawaka dunia nzima, kampuni ikaandika jibu kwenye mtandao wa Reddit na jibu likapigwa kura za kukataliwa zaidi ya laki sita, watu wakafuta oda zao, na siku moja kabla ya gemu kutoka rasmi kampuni ikazima manunuzi yote ya ndani. Waliporudisha mwaka 2018 ikawa ni mapambo unayochagua mwenyewe. Nyie mnaandika "wezi hawa" saa nne, saa tano mnaposti epiki. Kampuni haisomi grupu lenu, inasoma miamala.

(Na nyie wazazi mnaosoma mkidhani haya ni ya madereva. Kwetu chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, lakini haya maboksi yako kwenye gemu analocheza wa darasa la tano kwa simu ya mama yake, na namba ya siri anaijua.)

Sasa mchumba. Hapa ndo sikubembelezi. Laki sita na arobaini itarudi, bajaji unayo na miguu unayo. Huyo rafiki wa Kibaigwa ndo atakuua, kwasababu msimu wa mahindi utaisha na binti atauliza rafiki yako kauza? Utaongeza uongo mwingine, labda mahindi yameoza, labda lori limepinduka. Na ni hela yenu wawili, vitenge vyake vimo humo, alikuwa anatembeza juani na wewe ukazungusha. Nenda Jumapili hii, usimpigie simu, nenda. Mpe simu asome meseji za miamala mwenyewe, usimsomee wewe ukaruka zingine. Akilia mwache alie, akisema anahitaji muda mpe muda na usimtume mama yako kumbembeleza siku ya pili. Akikubali kuendelea, hela za mahari zihamie kwake au kwa kikoba cha dada yako, popote pale ambapo kidole chako hakifiki saa sita usiku.

Ila kabla ya Jumapili mpelekee boss ile pungufu yake ya mara mbili, hata kama ni kwa kulala saa saba wiki nzima, maana boss akichukua funguo zake Kikuyu utaenda na nini.