Jibu: Wazee wa Hai wanakwepa utafiti wa dimenshia

Pole, ndugu. Unasema wanaojitokeza kwenye utafiti wako wa dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) huko wilayani Hai, Kilimanjaro, ni wastaafu wa kanisa moja tu, wengine wanahofia damu yao itauzwa. Matangazo yaache kwanza. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji na balozi wa nyumba kumi, kisha msikitini, kwenye vikoba, na siku ya kliniki ya presha. Bibi asiyetoka nyumbani mfuate hukohuko. Huyo ndiye unayemkosa. Na vipimo vya kumbukumbu na fikra je? Asiyewahi kushika kalamu ukimwambia achore saa, utamhesabu mgonjwa bure! Nauli lipa siku hiyohiyo. Kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) hakikwepeki, wala ridhaa ya mzee mwenyewe, hata mwanawe akishakubali. Ukikuta aliyechanganyikiwa ghafla, awahishwe hospitali. Huenda ni maambukizi, si dimenshia.