Hebu Nikubipu, Uniangalizie Namba Yangu

Nina steshenari ndogo Mtwara mjini, si mbali na soko kuu. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni. Kwenye fomu yoyote lazima nifike pale pa kuuliza, "Namba yako ya simu?" na haipiti siku sijajibiwa, "Hebu nikubipu, uniangalizie." Mtu ana laini miaka sita, mimi ndiye namsomea namba yake kutoka kwenye kioo cha simu yangu.

Nilikuwa nacheka. Niliacha Mei 2024.

Nilikuwa narudi kutoka Dar. Mvua za kimbunga Hidaya zilikuwa zimekata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, magari yamepanga foleni huku na huku, abiria tumeshuka tunaangalia maji. Kufika jioni simu yangu ikazima. Mama mmoja aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga kwenye beseni alinionea huruma, akanipa kitochi chake. "Piga kaka, ila usinimalizie salio."

Nikabonyeza sifuri. Nikabonyeza saba. Kidole kikaishia hapo.

Mke wangu tumeishi miaka tisa. Kwenye simu yangu anaitwa "Mama Nanhi", nagusa jina, anapokea. Namba iliyo nyuma ya lile jina sikuwa nimeiangalia tangu siku niliyoisevu. Yangu mwenyewe niliikumbuka nusu, na hata ningeikumbuka yote ingenifaa nini, simu yenyewe iko mfukoni imezima. Yule mama alikuwa ananitazama, nikajifanya natafuta mtandao.

Namba iliyokuja kichwani ni moja tu, ya mjomba wangu wa Newala. Sikuwahi kukaa chini kuikariri. Ameiandika kwa rangi ya bluu juu ya mlango wa banda lake la kutengeneza baiskeli, na nilipokuwa sekondari, kila likizo nilishinda mbele ya ule mlango. Nikapiga.

"Nani?"

"Shikamoo mjomba, ni mimi. Niko Somanga, njia imekatika, simu imezima."

"Marahaba. Na ya mkeo huijui."

Hata hakuuliza, alikuwa anasema tu. Nikasikia anasogeza kitu ukutani. Mjomba ana daftari la kaunta, ametoboa kona akapitisha kamba, linaning'inia kwenye msumari. Alinisomea namba ya mke wangu, kisha akaona salio la watu litaisha bure, akasema atampigia mwenyewe. Usiku ule nyumbani walijua niko wapi.

Ninayoandika hapa chini kuhusu kukariri namba yametokana na aibu ile, mengine nimeyaokota kwenye kaunta ya steshenari.

La kwanza ni kuitamka namba. Mjomba aliwahi kuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho, kazi yake kusoma kilo kwa sauti gunia kwa gunia, mwenzake anaandika. Mpaka leo hasomi namba kimya. Na ana mkato wake: tarakimu nne za mwanzo anazisoma kwa pumzi moja, anatulia, tatu, anatulia, tatu. Ukimsomea kwa mkato mwingine anakataa kuwa hiyo ndiyo namba. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, lakini jaribu uone. Chagua mkato mmoja usiubadilishe, kwa sababu unachokikumbuka ni ule wimbo. Tarakimu kumi zilizomwagwa hazishikiki, mafungu matatu yanashikika.

Binti yangu wa miaka sita tulimfundisha hivyo hivyo, kwa kamba. Anaruka, kila ruko tarakimu moja, akikosea anaanza upya. Kwa wiki nzima ua wetu ulikuwa unaimba namba ya mama yake. Majirani nao wameijua, kwa hiyo kama una jirani wa kupiga simu za usiku, fikiria mara mbili.

La pili, piga kwa tarakimu. Mimi nilifuta kabisa jina la mke wangu kwenye simu ili nilazimike kuandika namba yake kila ninapompigia. Siku ya tatu akaishika simu yangu, akakuta namba yake imekaa bila jina kama ya mtu anayenidai. Nilieleza mpaka adhana ya isha. Ukiamua kufanya hivi, mwambie mwenzio kabla hujafuta. Ila mbinu inafanya kazi, haikuchukua wiki mbili.

Usijaze kichwa kila kitu. Mimi nimejiwekea namba tatu: yangu, ya nyumbani, na ya mtu mmoja asiyebadilisha laini. Huyo wa tatu ndiye muhimu, mtafute kwenye ukoo wako, hakosekani. Ongeza 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, hizo ni fupi. Namba ya mita ya umeme, tarakimu 11, nimeiandika kwa kalamu nzito nyuma ya mlango wa jikoni. Kontroli namba, ile ya kulipia serikalini, ina tarakimu 12 na ukishalipa haina kazi tena, usihangaike nayo. Nyingine ziandike kwenye karatasi, moja ikae pochini, nyingine ikae kwa mtu.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, inawatisha watu kwa sababu ina tarakimu 20. Mzee mmoja wa Mikindani aliniambia, "Mwanangu, hiyo si namba, hiyo ni treni." Lakini mabehewa yake ni manne: nane, tano, tano, mbili. Na zile nane za kwanza unazijua tayari, ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku. Zinabaki 12. Ukiipoteza kabisa, ingia *152*00# ufuate maelezo. Na ukitaka kujua laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Nimewaona watu wakikuta laini wasiyoijua imekaa hapo.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Kila siku natoa kopi za vitambulisho, na kila kopi ina tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Kopi hizo zinaachwa kila ofisi. Halafu mtu huyo huyo namba yake ya siri ya pesa za simu ni mwaka wake wa kuzaliwa! Msimu mmoja wa korosho, malipo yameanza kuingia benki, mkulima mmoja alinipa kadi yake ashike miwani vizuri, na kwenye kifuko cha kadi kuna tarakimu nne za peni nyekundu. Nikamrudishia nimeangalia pembeni. Namba ya siri usiiandike popote, usimwambie wakala, usinitajie na mimi. Mjomba wangu namba yake ya siri ameipata kwenye kilo za gunia moja la korosho alilolipima zamani, ambalo sababu ya kulikumbuka anaijua yeye. Mwaka wa kuzaliwa uache. Wa mtoto nao uache.

Na tuache kubadilisha laini kila bando linapopanda bei. Tangu 2017 unaweza kuhama mtandao namba ikabaki ile ile. Mtu anayebadilisha namba kila mwaka anatupa kazi ya kumjua upya.

Mwezi uliopita nilikwenda Newala kumsalimia mjomba, nikalishusha lile daftari kwenye msumari nikatafuta jina langu. Niko ukurasa wa nne, kati ya fundi cherehani na muuza spea. Mbele ya jina langu kuna namba tano, nne zimepigwa mstari kwa rula. Mjomba akaninyang'anya daftari, akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Haya, nisomee hiyo ya tano."

Nikaisoma, kwa mkato wake.