Soma kwanza, -u baadaye: kwa wanaoanza majaribio ya snapshoti

Vijana wengi wanaojiunga na timu za programu hapa Kampala hukutana na jaribio la snapshoti kwa njia ileile. Wanalikuta tayari kwenye mradi, linafeli, wanauliza, wanaambiwa "endesha tena na -u" (yaani sasisha snapshoti ifuate kilichotoka sasa), linapita, kazi inaendelea. Wanajifunza kulinyamazisha kabla hawajajua lilikuwa linasema nini. Hilo linaniuma, maana chombo chenyewe ni kizuri, na ukikianza vizuri kitakulinda kwa miaka.

Jaribio la kawaida linakutaka useme mapema jibu sahihi ni lipi. La snapshoti halikuulizi. Linaendesha msimbo wako, linachukua kilichotoka, linakiandika kwenye faili, na kuanzia hapo linalinganisha: je, kilichotoka leo ni kilekile cha jana? Kama cha jana kilikuwa na kosa, litalilinda kosa hilo kwa uaminifu uleule. Kuhukumu kipi ni sahihi ni kazi yako, na inafanyika kwa kusoma.

Jest, chombo cha kuendesha majaribio ya JavaScript kilichoanzia Facebook, kilileta mtindo huu mwaka 2016, hasa kwa ajili ya komponenti za React, maktaba ya kujengea kurasa za tovuti. Leo upo kila mahali: Vitest, chombo kingine cha JavaScript, inao, wanaotumia Python wana Syrupy, wa Rust wana insta. Mifano yangu ni ya Jest, lakini ushauri ni uleule.

Usianze na ukurasa mzima wa tovuti. Anza na fanksheni inayotoa maandishi mafupi ambayo binadamu atayasoma. Tuseme unatengeneza mfumo wa SACCO, na mwanachama akiweka akiba anapata SMS kwa lugha aliyochagua: Kiingereza, Kiluganda au Kiswahili.

```
test('ujumbe wa akiba kwa Kiswahili', () => {
  const ujumbe = tungaUjumbe({ lugha: 'sw', kiasi: 50000, salio: 320000 });
  expect(ujumbe).toMatchSnapshot();
});
```

Ukiendesha mara ya kwanza, Jest inaunda folda ya `__snapshots__` na ndani yake faili yenye mwisho wa `.snap`:

```
exports[`ujumbe wa akiba kwa Kiswahili 1`] = `"Umeweka USh 50,000. Salio lako ni USh 320,000. Asante kwa kuweka akiba nasi."`;
```

Hapa wengi huona jaribio limepita na kwenda kunywa chai. Wewe kaa, fungua faili, soma neno kwa neno. Je, kiasi ni kile ulichoingiza? Shilingi yetu haitumii senti. ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, kinaipa tarakimu 0 baada ya nukta, ilhali shilingi ya Kenya ina 2. Ukichukua msimbo wa mradi wa Nairobi unaohifadhi fedha kwa senti na kugawa kwa 100, snapshoti yako ya kwanza itaandika "USh 500.00", na jaribio litapita leo, kesho na mwakani. Hakuna atakayekuambia.

Na kwa vile wengi wetu Uganda Kiswahili ni lugha ya tatu au ya nne, faili hiyo ina faida nyingine ambayo vitabu vya programu havitaji sana. Mtu asiyejua programu hata kidogo anaweza kuisoma. Mwonyeshe mwalimu wa Kiswahili, mwonyeshe mama anayejua Kiluganda cha ndani. Watakurekebishia maneno yale yale yatakayofika kwenye simu ya mwanachama, bila wewe kuwashia mfumo wowote.

Ukiridhika, komiti (hifadhi kwenye Git) faili ya `.snap` pamoja na msimbo. Isiwekwe kwenye `.gitignore`, orodha ya faili ambazo Git huziruka. Kwenye seva ya majaribio, Jest ikiendeshwa na `--ci` haiandiki snapshoti mpya yenyewe, kwa hiyo uliyoisahau kwenye kompyuta yako itaonekana huko kama kosa.

Sasa tufike kwenye siku ya kufeli, ndiyo yenye mafunzo. Kwa maandishi ya mstari mmoja kama haya, Jest inakuonyesha mstari wa `Snapshot`, ambao ni wa zamani, na wa `Received`, ambao ndio umetoka sasa hivi. Mara nyingi tofauti iko wazi, na unajua kama uliikusudia. Lakini kuna siku utaona hivi:

```
Snapshot: Umeweka USh 50,000. Salio lako ni USh 320,000. Asante kwa kuweka akiba nasi.
Received: Umeweka USh 50,000. Salio lako ni USh 320,000. Asante kwa kuweka akiba nasi.
```

Mistari miwili, sawa kabisa kwa macho. Anayeanza husema chombo kimeharibika, anabonyeza -u. Chombo kiko sawa. Kilichotokea ni kwamba mtu aliacha kuunganisha "USh " kwa mkono, akaanza kutumia `Intl.NumberFormat`, kipangaji cha namba na fedha cha JavaScript, na hiyo mara nyingi huweka kati ya alama ya fedha na tarakimu nafasi isiyokatika, yenye namba U+00A0, badala ya nafasi ya kawaida. Jicho halioni, kompyuta inaona.

Je, ni jambo dogo? Kwenye ukurasa wa tovuti, ndiyo. Kwenye SMS, ni fedha. Ujumbe wa SMS mmoja hubeba herufi 160 iwapo zote zimo katika alfabeti ya GSM. Ikiingia hata alama moja isiyokuwemo, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo wa kuandikia herufi, na kikomo kinashuka hadi herufi 70. U+00A0 haimo. Ujumbe wetu una herufi 76. Kwa hiyo, isipokuwa kama mtoa huduma wako anaisafisha nafasi hiyo njiani, SACCO iliyokuwa ikilipia SMS moja sasa inalipia mbili, kwa kila mwanachama, kila anapoweka akiba. Herufi ŋ ya Kiluganda nayo haimo, basi ujumbe wa Kiluganda uangalie kwa makini zaidi.

Jaribio la snapshoti lilikuwa limeliona jambo hilo. Ndiyo maana nasisitiza: usipoielewa tofauti, huna ruhusa ya kuisasisha. Katika hali kama hii weka kando ya snapshoti jaribio la kawaida linalosema sharti lenyewe:

```
expect(ujumbe).not.toMatch(/\u00A0|\u202F/);
```

Hiyo U+202F nayo ina historia yake. Toleo la 72 la ICU, maktaba ambayo Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) huitumia kupanga tarehe na fedha, lilitoka mwaka 2022 na kuweka nafasi hiyo nyembamba kabla ya AM na PM za Kiingereza. Watu walipandisha toleo la Node, hawakugusa mstari wowote wa msimbo wao, na snapshoti zikafeli.

Saa ni chanzo kingine cha usumbufu. Kampala tuko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa, na seva nyingi za majaribio hufuata UTC. Akiba iliyowekwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 10, kwenye seva bado ni tarehe 9. Jaribio linapita kwako na kufeli kule, na mnaanza kulaumiana. Ganda saa kwa `jest.useFakeTimers().setSystemTime(...)`, na endesha majaribio kwa `TZ=Africa/Kampala`. Namba za miamala zinazozalishwa kwa bahati nasibu usiziache ziingie kwenye snapshoti. Kama unachopiga snapshoti ni objekti, si maandishi matupu, waweza kuweka `expect.any(String)` mahali pake.

Kuhusu ukubwa nina msimamo mkali. Snapshoti isiyoweza kusomwa bila kuteremsha skrini ni kubwa mno. Mistari mia tano ya HTML hakuna atakayeisoma, si wewe wala mkaguzi wa msimbo wako, na isiposomwa hailindi chochote. Kata sehemu unayoijali. Ikiwa ni mistari michache, tumia `toMatchInlineSnapshot`, ambayo huandika matokeo ndani ya faili ya jaribio lenyewe, chini ya macho yako. Na hesabu zenye jibu linalojulikana, kama riba ya mkopo, ziandikie jaribio la kawaida la `toBe`, unalolitajia jibu mwenyewe.

Snapshoti za picha, kama zile za Playwright, chombo cha kujaribu tovuti ndani ya kivinjari, ziache kwanza. Utapakua vivinjari vya mamia ya megabaiti, jambo zito kwa anayenunua bando, na picha iliyopigwa kwenye Windows haitalingana na ya Linux kwa sababu ya fonti tu.

Zikifeli nyingi kwa pamoja, endesha Jest kwa `--watch` kisha bonyeza `i` badala ya `u`. Itakupitisha moja baada ya nyingine. Na kila unapoomba msimbo wako uunganishwe huku faili ya `.snap` imebadilika, mwandikie mkaguzi sentensi inayoeleza kwa nini: "Salio sasa linatangulia kiasi kama walivyoomba watu wa fedha, hakuna tarakimu iliyobadilika."