Jibu: Tarehe za ubao wa "Siku kama ya leo"
Mwalimu, uliomba tarehe za historia za kuweka kwenye ubao wa shule hapo Kisumu; Oktoba pekee itakujazia. Tarehe 19, 1905: Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi dhidi ya Waingereza, anauawa na afisa Mwingereza Meinertzhagen huko Nandi, alikoitwa kwa mazungumzo ya amani. Tarehe 25, 1969, Jumamosi: risasi zinafyatuliwa Kisumu Rais Kenyatta akifungua hospitali ile ya "Russia", na chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku tarehe 30. Usichanganye na 5 Julai mwaka huohuo, waziri Tom Mboya alipouawa. Hiyo ilikuwa Nairobi.

Reli ya kutoka Mombasa kufika Ziwa Victoria hapo Kisumu, weka 20 Desemba 1901, ila usiandike "Kenya": hadi 1 Aprili 1902 Kisumu ilihesabiwa upande wa Uganda. Wengi huteleza hapo, hata vitabu. Nakuru kupewa hadhi ya jiji: 1 Desemba 2021.