Kuwafundisha vijana kupima vifaa vya umeme kazini

SWALI: Tuna karakana ya kuchomelea vyuma na nyumba ndogo ya wageni. Vifaa vyetu ni grainda, drili, pasi, birika na ekstensheni nyingi. Nataka vijana wangu watatu, ambao si mafundi umeme, wajue kuvipima kama ni salama. Nimeshanunua mashine ya kupimia yenye taa ya kijani (kizima) na nyekundu (kibovu). Nianzie wapi? – Msimamizi, Mwanga, Kigoma

JIBU: Inawezekana, ila siku ya kwanza mashine ibaki kabatini. Hitilafu nyingi huonekana kwa macho, na kijana akizoea taa ya kijani kabla ya kuzoea kuangalia, ataipitisha hata grainda isiyo na kinga ya diski.

Wafundishe kwanza kuchomoa kifaa, kisha kupapasa kebo yote kwa vidole, kutoka kwenye plagi hadi inapoingia kwenye kifaa. Pale mwishoni ndipo hukatika. Halafu wafungue plagi: kahawia ni laivu, unaoleta umeme, na huenda upande wa fyuzi; bluu ni nyutro, unaourudisha; kijani na njano ni ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Kibano cha kebo ndani ya plagi lazima kishike ganda la nje la kebo, si nyaya za ndani. Waya wa ethi uachwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka. Fyuzi ipigiwe hesabu: wati gawanya kwa volti 230. Pasi ya wati 1,200 inavuta kama ampea 5.2, hivyo fyuzi ya ampea 13 inafaa. Taa ya mezani inatosha ya ampea 3. Wakikuta msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, kifaa kimefeli hapo hapo.

Siku ya pili toa mashine. Kipimo cha kwanza ni cha ethi, kwa vifaa vyenye mwili wa chuma. Ncha iguse chuma kitupu, kwa mfano kichwa cha skrubu, kwa sababu rangi huzuia umeme na kifaa kizima kitaonekana kibovu. Kikomo ni omu 0.1 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme) ukijumlisha ukinzani wa kebo yenyewe. Kebo ya milimita za mraba 0.75 ina kama omu 0.026 kwa kila mita. Ikiwa na mita 3, kikomo ni kama omu 0.18. Watikise kebo wakati wa kupima. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani.

Cha pili ni kipimo cha insulesheni, yaani kinachozuia umeme usifike kwenye mwili wa kifaa, kwa volti 500. Chenye ethi kisipungue megaomu 1 (omu milioni moja). Maltimita ya kawaida haifai hapa, maana hutumia volti chache za betri. Swichi ya kifaa iwe imewashwa na pasi iwekwe kwenye joto, la sivyo mashine inapima kebo tu na koili, waya wa joto ulio ndani, haiguswi. Kwa vifaa vyenye swichi ya kielektroniki volti hizo hazivuki. Hivyo vinahitaji kipimo cha umeme unaovuja.

Mpangilio huu usibadilishwe. Ethi ikiwa imekatika, kipimo cha insulesheni kitatoa namba nzuri sana, kwa kuwa mashine haina njia ya kuufikia mwili wa kifaa. Ekstensheni, zaidi ya hayo, zipimwe kama laivu na nyutro hazikubadilishana.

Siku ya tatu ni mtihani. Andaa vifaa kumi, sita ukiwa umeviharibu kwa makusudi: ethi iliyochomolewa, kibano kilicholegea, fyuzi kubwa mno. Anayekosa kimoja arudie. Wapewe pia mamlaka ya kukifungia kifaa kibovu hata kama bosi anakitaka saa hiyo. Bila hilo lebo zote ni mapambo. Kugusa nyaya za jengo wamwachie fundi mwenye leseni ya EWURA.

SWALI: Drili mpya kabisa inafeli kipimo cha ethi. Nimrudishie muuza duka? – Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Hapana. Tazama kibao chake: ukiona mraba ndani ya mraba, drili ina insulesheni mbili na haina ethi kabisa, hivyo hakuna cha kupima. Ipime kwa volti 500 tu, ncha ikiwa kwenye chuma kinachoshika biti ya kutobolea. Isipungue megaomu 2.

SWALI: Jiko la umeme lilikaa stoo masika yote. Sasa linaonyesha megaomu 0.2 na linaangusha swichi kuu. Limekufa? – Mama lishe, Ujiji

JIBU: Huenda bado, mama. Ndani ya koili kuna unga mweupe wa magnesiamu oksaidi unaotenganisha waya na ganda la chuma. Unga huo hunyonya unyevu kupitia mwisho wa koili, na hewa ya ziwani ina unyevu wa kutosha. Mwambie fundi aitoe koili na kuikausha kwa joto la taratibu kwa saa kadhaa, ipoe, kisha apime tena. Ikivuka megaomu 1, irudishe kazini na uipime tena baada ya wiki moja. Ikibaki chini, au ganda likiwa na ufa, nunua koili nyingine. Usikubali ethi ikatwe ili swichi isianguke. Hapo chuma cha jiko kitabaki na umeme na sufuria itakurusha.