Kidole 8.1, maabara 6.2: kabla ya kulaumu mashine

Mkuu, umeuliza: asubuhi moja, hujala kitu, kimashine cha sukari cha kidole kimesoma 8.1 na damu ya mshipa ikatoka 6.2 maabara (namba zote hapa ni mmol/L, kipimo cha sukari), nani muongo? Wengi hapo juu wamekishukia kimashine cha kidole. Mimi nafanya kazi maabara, na ningeanza kuuliza kingine: damu yako ilikaa muda gani kwenye chupa kabla ya kupimwa?

Damu ikishatolewa, chembe zake huendelea kula sukari. Kwenye joto la chumba inapungua kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Piga hesabu: uwe na 7.4 halisi, sampuli isubiri foleni kwa muda wa saa tatu kwenye chupa ya kizibo chekundu bila chembe kutenganishwa na maji ya damu, itasoma kama 6.2. Mpaka wa kisukari kwa aliyefunga ni 7.0. Umeingia mgonjwa, karatasi inatoka inasema mzima! Na ukweli ukiwa 7.4, ile 8.1 ya kidole bado iko ndani ya asilimia 15 ambayo vimashine hivyo vinavumiliwa kukosea. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwako. Ila hata 6.2 yenyewe si ya kushangilia, maana WHO (Shirika la Afya Duniani) inahesabu 6.1 hadi 6.9 kuwa sukari iliyokwisha kuanza kupanda.

Chupa inayotakiwa ni ya kizibo cha kijivu, yenye floraidi, kemikali ya kuzuia chembe zisile sukari. Hata hiyo haifanyi kazi papo hapo. Saa ya kwanza na zaidi sukari inaendelea kushuka. Ndiyo maana tunataka sampuli ije kwenye barafu, au izungushwe mapema kwenye mashine na plazma, yaani maji ya damu, itengwe na chembe. Wauguzi hutununia tukikataa sampuli iliyolala wodini. Watununie tu.

Kimashine nacho kina vituko vyake: vidole vyenye maji ya embe husoma juu, na mwenye upungufu wa damu husomewa juu kuliko hali yake.

Aliyeshauri upime mkojo, hapana. Figo huanza kuachia sukari ikifika kama 10 kwenye damu, kwa hiyo mtu wa 8 mkojo wake unaweza kuwa safi kabisa. Na anayetumia empagliflozin, dawa ya kisukari, mkojo utajaa sukari hata kama damu imetulia, kwa sababu ndiyo kazi ya dawa hiyo.

Sasa yule dada aliyeuliza kuhusu mwanawe, maji ya uti wa mgongo yana sukari 3.0. Dada, namba hiyo peke yake haisemi kitu. Kawaida ni kama theluthi mbili ya sukari ya damu ya wakati uleule. Damu ikiwa 4.5, hiyo 3.0 iko sawa. Damu ikiwa 15, ni asilimia 20 tu, na chini ya 40 daktari anawaza bakteria au TB. Sampuli hii pia ikicheleweshwa, chembe nyeupe na bakteria huila sukari, halafu majibu yanatisha bure. Muulize daktari kama damu ilichukuliwa pamoja, nayo ilisoma ngapi, na chembe na protini zilikuwaje.

Mkuu, wewe rudi siku nyingine ukiwa umefunga kwa muda wa saa nane au zaidi, damu itolewe palepale maabara, chupa ya kijivu. Ikigota 7.0 au kupita, mwone daktari na karatasi zote mbili.